Ridhaa ya Mwanamke wa Saba

Dar es Salaam, 18 Februari 2002

Mama Mwanvua, mama yangu wa ziwa,

Assalam alaikum. Kama Huseni amekupa barua hii kabla ya kudai chai, basi lori lake limemgeuza mtu mwingine. Mimi ni mzima, ila mgongo unaniuma kwa kukaa. Chuo kimetuamuru wote, kuanzia sisi wanafunzi hadi madaktari wenye mvi, tuhudhurie mafunzo ya maadili ya utafiti. Bila cheti chao huruhusiwi kumuuliza binadamu swali hata moja. Wiki nzima tumefungiwa ukumbini. Madaktari walikuwa wakinung'unika kama watoto waliorudishwa darasa la kwanza.

Mwanzoni nilicheka. Halafu nikawakumbuka wale wageni waliokuja Bujumbura vita vilipopamba moto, wakapiga picha watu wakilia, wakaondoka. Nikaona mafunzo haya yana haki yake. Wametufundisha kwamba mtu aelezwe kila kitu kabla hajafungua mdomo. Aridhie mwenyewe. Jina lake lifichwe. Akitaka kujitoa, ajitoe hata kesho yake, wala asiulizwe sababu. Na usimpe fedha, maana fedha hununua ridhaa. Zawadi ndogo inaruhusiwa, ila iwe sawa kwa wote. Juu ya yote, usimdhuru. Nimepata alama za juu kuliko wote, Mama. Usicheke.

Sasa nina ombi. Wale wanawake wa Ruziba wanaokuuzia samaki wa ndagala, waliorudi kutoka kambini wakakuta nyumba zao zimeezuliwa mabati, nataka kuzungumza nao. Nataka kuandika mtu anaishije jirani na yule aliyemvua paa. Tusipoandika sisi wa hapo, ataandika nani? Wewe wanakuamini. Waulize, lakini usiwalazimishe. Uwaeleze vizuri.

Mwanao,
Hiba binti Salem


Nyakabiga, 9 Machi 2002

Kwa Hiba mutoto wangu,

Waalaikum salam. Huseni alidai chai, akadai na maandazi. Mi niko sawa, magoti tu. We siku hizi unaandika Kiswahili ya Dar mpaka mama yako anasoma mara mbili. "Ridhaa"! Sema kukubali, sha.

Kumbe kuuliza mutu maneno siku hizi lazima usomee? Mi nauliza watu habari zao tangu nilikuwa binti, sina sertifika, na sijaua mutu. Lakini nimefurahi juu ya alama. Nilimwambia Djibril: ona, dada yako mulinyonya ziwa moja, ye amekwenda mbele, we umebaki chini ya magari na grisi. Alinuna siku mbili.

Bon. Ruziba nimekwenda. Wamama wamekubali, tena wengi, ata nimekataza wengine. Nimewaeleza kwa njia yangu, usiwe na wasiwasi. Mumoja tu ndiye alinisumbua, Spéciose, yule mujane mwenye mudomo. Alisema: "Maneno yangu nimeyafunga vizuri, kwa nini niyafungue?" Nilikaa naye mpaka akakubali. Huyo ukimupata, umepata kitabu kizima. Bati zake ziko kwa Gaspard, mukubwa wa mutaa, ameezekea nazo kabare yake ya pombe, ile urwarwa ya ndizi. Spéciose anapita pale kila siku na ndoo ya maji, na anamusalimia.

Njoo wakati wa jua, barabara ya kule asubuhi inapitika. Na hii zawadi yenu, usilete sabuni, ni aibu. Muombe baba yako jora moja ya kitenge, ile ya njano yenye ndege nyekundu niliyoiona dukani kwake. Kila mumoja kipande yake, sawa kwa sawa kama vile sheria yenu inasema. Wamama wa kwetu wakivaa sare wanajiona watu.

Mama yako,
Mwanvua


Dar es Salaam, 2 Septemba 2002

Mama Mwanvua,

Nimefika salama. Kinasa sauti kimefika, na ndagala zako zimefika, ingawa abiria wenzangu walinitazama vibaya njia nzima.

Sijui nikushukuru vipi. Kila kitu kilikwenda kama tulivyofundishwa. Niliwasomea karatasi ya ridhaa kwa Kirundi, neno kwa neno, na kila mmoja akatia kidole. Aliyelia nilimzimia kinasa sauti na kumpa maji. Majina nimeyafungia. Kwenye maandishi yangu wote ni nambari tu: Mwanamke wa Kwanza, wa Pili, mpaka wa mwisho.

Spéciose ni wa Saba. Mama, ulisema kweli. Nimerudia sauti yake mpaka wenzangu wa chumbani wananizomea. Pale anaposema: "Mvua ikinyesha naisikia inacheza juu ya bati zangu, kule kwa jirani, na mi niko chini ya majani naloa. Kesho yake nampitia, namsalimia, namuambia amakuru." Msimamizi wangu aliposoma tafsiri yake aliinuka akaenda kusimama dirishani. Sura ya nne yote nimeijenga juu yake. Bila yeye nina karatasi tu.

Wasalimie wote. Nawaona bado wamesimama mlangoni kwa Spéciose na vitenge mikononi, wanacheka kama wako arusini. Siku ile nilijiona mtu wa maana, Wallahi.

Hiba


Nyakabiga, 20 Oktoba 2002

Hiba,

Nakutumia kitenge kwa mukono wa Huseni. Ni ya Spéciose. Anarudisha. Ameniita mi na wamama wawili tukaona kwa macho, akaikunja mwenyewe.

Walizivaa kwa misa, wote siku moja. Kanisa nzima iligeuka.

Sina nguvu ya kuandika mengi, Spéciose iko hapa kwangu, analala mu chumba ya Djibril. We ni mutoto wa hapa, kitenge itakusemea. Fanya haraka.

Mwanvua


Dar es Salaam, 1 Desemba 2002

Mama yangu,

Kitenge nimekipokea na machozi yalinitoka. Mwambie Spéciose hakuwa na haja. Mtu hana paa, bado anakumbuka kumtumia zawadi msichana aliyekunywa chai kwake asubuhi chache! Ndiyo watu wetu hao, nimewaambia wenzangu hapa, wakashangaa.

Sikutaka kikae sandukuni. Nimekishona gauni, refu, la mikono mipana, na nimelivaa siku ya kuwasilisha sura ya nne mbele ya jopo. Profesa mmoja akaniuliza habari za vazi. Nikamwambia ni la Mwanamke wa Saba, amenitumia mwenyewe kutoka Bujumbura. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Wakasema hii ndiyo heshima kati ya mtafiti na mhojiwa inayotafutwa kwenye mafunzo wasiipate.

Nimefurahi pia kwamba yuko kwako kwa matembezi. Anastahili kupumzika. Mpikie samaki wa mukeke, uniombee radhi kwa Djibril aliyehamishwa chumba.

Hiba wako


Nyakabiga, 11 Januari 2003

Hiba,

Yampayinka! Umeshona?

Nimesoma barua yako nikaikalia, nikasema nisimusomee. Halafu aliniuliza mwenyewe: "Mutoto amejibu nini?" Nilimudanganya. Nilisema Huseni amepoteza mufuko. Ndiyo, nimedanganya mujane mu nyumba yangu juu yako.

Matembezi gani? Sikiliza basi, nikuandikie kama vile kwa muzungu. Walivaa vitenge kwa misa. Gaspard alisimama mulangoni mwa kanisa. Alikuwa anajua kuna binti alikuja kuuliza habari za bati, ila hakujua nani alisema na nani alinyamaza. Siku ile hakuuliza mutu. Alihesabu njano. We umefunga majina mu sanduku, sisi tukawavalisha wenyewe alama mugongoni. Nasema sisi, juu mi ndiye nilichagua rangi, sijakataa.

Kesho yake akapita nyumba kwa nyumba na vijana wake. Wengine walilia, wakaapa walisema tu habari za kambi. Spéciose hajui kulia mbele ya mutu. Alimuambia: "Nilisema bati zangu ziko kwako. Si ziko?" Wakang'oa muhogo wake wote, wakavunja mulango, mumoja akamupiga na kitako cha bunduki hapa pa sikio. Sikio la kushoto halisikii tena. Shamba Gaspard amesema ni la mutaa.

Alipofika kwangu, kitu cha kwanza alichosema ni: "Namurudishia kitenge, na ye anirudishie maneno." Kwetu mutu akirudisha kitu alichopewa mbele ya watu, na neno limerudi. Binti akirudisha kitenge cha muchumba, ndoa hakuna. Nani anamuuliza karatasi? Ulikuwa unajua hii kabla ujue kusoma, baba yako Salem amepokea vitambaa vya namna hiyo dukani na akanyamaza. We umeikata na makasi ukaivaa wakupigie makofi.

Toa maneno yake mu kitabu yako. Gaspard amesema akisikia yamesomwa popote, atamufuata ata hapa mujini. Toa.

Mwanvua


Dar es Salaam, 16 Februari 2003

Mama,

Sijala tangu jana. Gauni nimelivua na kulifungia, siwezi kulitazama.

Mwambie Spéciose naumia. Mwambie sikujua. Miaka yote hii huku imenitoa akili za nyumbani, ninakiri, na nina aibu.

Nimekwenda kwenye kamati ya maadili leo asubuhi. Wamenisikiliza vizuri. Wamesema haki ya kujitoa ipo, ila mhojiwa atie kidole kwenye karatasi ya kujitoa, mbele ya shahidi asiye ndugu wa mtafiti. Wewe kwa sababu ya ziwa unahesabiwa ndugu, nilisema ukweli wakaandika. Tena ilitakiwa aombe kabla uchambuzi haujakamilika, na mimi nimekwisha kuwasilisha. Lakini wakipata karatasi wataangalia. Nimeambatanisha. Ni ukurasa mmoja tu. Kuna sehemu ya kueleza madhara aliyoyapata, aijaze kwa maneno yake.

Mama, elewa na mimi. Sura ya nne ikitoka, sina tasnifu. Ufadhili unaisha Julai. Baba aliuza nyumba ya Kibenga nisome. Na maneno yale si mabaya, ni ya kweli. Hakuna atakayemjua, ni nambari tu. Gaspard hasomi Kiingereza.

Hiba


Nyakabiga, 6 Aprili 2003

Hiba,

Karatasi yako nimemusomea, pale pa sikio zima. Akaniuliza: "Nikitia kidole hapa, itakwenda wapi?" Nikasema kwa wakubwa wa chuo. Akasema: "Ile ya kwanza nilitia kidole ikaleta Gaspard. Hii italeta nani?" Akaitumia kuwashia makaa. Usikasirike, ndiyo jibu lake, na mi naona limekamilika.

Unaniambia nikuelewe. Nimekuelewa tangu uko mutoto wa kulia maziwa, mama yako Ghanima amelala na homa, na Djibril nimemutoa upande mumoja nikupe. Lakini usiniandikie kwamba kila kitu ulifanya kama vile mulifundishwa. Unakumbuka yule mama wa kwanza, ulipomaliza kusoma karatasi yako ndefu? Alikuuliza nini? Alikuuliza: "Nitapata bati ngapi?" Na we uliniangalia mi. Uliniangalia, Hiba! Ulijua pale pale nimewaambia nini. Ningewaambia nini ili waje? Kwamba binti wa Salem anataka kuwa dokta? Nimewaambia ni watu wa misaada, wanaandika waliopoteza bati. Nilidhani nakusaidia. We uligeuza uso, ukasema "tuendelee", ukamupa wino.

Basi hiyo ridhaa yako tuliipika wawili, mi nikatia chumvi, we ukakoroga. Mi dhambi yangu nalala nayo chumba cha pili, kila asubuhi inaniuliza kama kuna jibu kutoka Dar. Yako iko wapi? Imo mu sura ya nne.

Sitaki karatasi ingine. Nataka neno moja: nimetoa.

Mwanvua


Dar es Salaam, 29 Juni 2003

Mama yangu,

Nimetoa.

Nimeyaondoa maneno yake yote, Wallahi. Sura ya nne nimeiandika upya kwa mashahidi wengine. Si nzuri kama ile, lakini imepita. Mwambie alale usingizi.

Tasnifu imepitishwa wiki iliyopita. Baba nimempigia simu, alilia. Na kuna jambo jingine, sijui utalipokeaje: wamenipa kazi hapa chuoni. Nitafundisha yale mafunzo ya maadili. Walisema wanamtaka mtu aliyefanya kazi kwenye vita na hakuna malalamiko yaliyoandikwa dhidi yake. Nimekubali. Nimejiambia nitawafundisha wengine wasirudie kosa langu la kitenge. Hili la kitenge nalisema kila darasa, wanaandika.

Nisamehe. Niandikie japo mstari.

Hiba


Nyakabiga, 22 Agosti 2004

Hiba,

Umeandika mara nyingi tangu ile siku na sijajibu, juu sikuwa na cha kusema. Sasa kipo.

Wiki iliyopita kijana alibisha mulangoni, kijana mwenye adabu, viatu safi, jina lake Ildephonse. Alikwenda kwanza Ruziba. Aliuliza: "Nani mujane ambaye bati zake ziko juu ya kabare?" Mutoto wa kwanza aliyemukuta njiani akamuambia: "Huyo ni Spéciose, alihamia Nyakabiga kwa Mwanvua wa ndagala." Nambari yako ya saba haikumuchukua ata asubuhi nzima.

Nilimukaribisha. Akanionyesha sertifika kwanza, anafuata sheria. Amefundishwa maadili, hapa muhuri, na chini sahihi ya mwalimu. Nilijua ile H yako yenye mukia kabla avae miwani anisomee.

Halafu akatoa kitabu. Akasema hii ni tasnifu nzuri sana, wanaisoma darasani. Spéciose alikuwa ameketi nyuma yetu, anachagua ndagala mu ungo, nikasema ni jirani. Kijana akafungua sura ya nne na akatugeuzia kwa Kirundi, polepole, ili mi muzee nisikie uzuri wake: mvua ikinyesha naisikia inacheza juu ya bati zangu. Yote, Hiba. Na lile la amakuru. Na kabare. Na ndoo ya maji. Umeapa kwa jina la Mungu, na neno moja halikutoka.

Spéciose aligeuza sikio zima ili asikie vizuri. Aliendelea kuchagua, ila alikuwa anatupa nzuri pamoja na mbaya.

Kijana akauliza: "Mama, Mwanamke wa Saba naweza kumuona? Nataka kumufuatilia, miaka miwili baadaye." Nikamuambia amekufa. Nikalia ata, machozi yalikuwepo tayari. Alisikitika kweli. Akauliza kama kuna ndugu wa kutoa ridhaa kwa niaba yake, nikasema ndugu walikwisha wote mu vita. Akaandika. Nikamuambia: na Gaspard ukipita kule umuambie, Spéciose tumemuzika. Akasema atamuambia. Ona, mutu akitaka kujitoa akiwa hai munadai shahidi, kidole na uchambuzi. Mufu anatoka bila karatasi.

Akasema tena: "Kitabu kinamushukuru Mama Mwanvua, aliyewakusanya wamama, kwa jina. Huyo naye?" Nikasema amekufa pia, walikufa mwaka mumoja. Akaniangalia. "Basi we, mama, ni nani?" Nikamuambia mi ni mupangaji.

Alikunywa chai, akashukuru, akaenda.

Kwa hiyo andika hivyo kwenu, Spéciose na Mwanvua wamekufa wote wawili, na darasani uwaambie hivyo. Djibril nimemuambia, ye amekubali, alinyoa nywele kama vile mufiwa, unajua mizaha yake, halafu akatoka nje na hakurudi mpaka magharibi. Baba yako nitamueleza mwenyewe. Usimutume Huseni tena. Barua ikifika hapa itapokelewa na mupangaji, na ye hajui kusoma.

Mupangaji,
Nyakabiga